Kifafa cha tegu la nguruwe kinamhusu hata asiyekula kitimoto

Mzoga wa nguruwe ukizuiwa machinjioni, simu zinaanza kuingia: mfugaji kaonewa, nyama ingechemshwa tu ikaisha. Malalamiko yameongezeka, kwa hiyo tueleze utaratibu. Mkaguzi hupasua misuli ya taya, ulimi, moyo na bega, akitafuta vifuko vyeupe vyenye maji, vyenye lava (watoto) wa tegu, mnyoo bapa wa tumboni; ni vidogo kama punje za mchele au kuzidi kidogo. Vikiwa vimetapakaa, mzoga wote unateketezwa au kufukiwa. Hauuzwi kwa bei ya chini, wala mwenye mali hapewi akale na familia. Anayechinjia uchochoroni na kuuza bila muhuri wa mkaguzi anavunja sheria, hata kama nyama yenyewe ilikuwa safi. Ni kweli moto huua vifuko, lakini mnofu mnene uliochomwa harakaharaka hubaki mbichi katikati.

Kauli inayotuchosha ni hii: “Mimi sili kitimoto, hayo hayanihusu.” Yanakuhusu. Anayekula vifuko hivyo hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hilo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu huyo, si cha nguruwe. Ukiyameza kwenye kachumbari, maji ya kisima au chakula cha mpishi asiyenawa mikono, yanaanguliwa, lava wanapenya utumbo, wanafuata damu na kutua kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa huanzia. Mwaka 1992 madaktari waliripoti ugonjwa huu New York, kwa Wayahudi washika dini wasiogusa nguruwe kabisa. Huku kwetu Tanzania umechunguzwa sana Mbulu na Mbozi, ambako nguruwe waliachwa wazurure na kula kinyesi vichakani. Nguruwe afungiwe bandani, na kila kaya iwe na choo kinachotumika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tegu hili, asilimia 30 ya kifafa inatokana nalo. Bado watu wanaogopa mate ya mgonjwa, wanamwacha aungulie jikoni. Kifafa hakiambukizwi kwa mate! Mwondoeni motoni, mlazeni kwa ubavu, apelekwe hospitali.

Huko huenda akahitaji CT skani (picha ya ubongo) kabla ya albendazoli au prazikwanteli, dawa za kuua minyoo. Msizinunue wenyewe dukani: lava wakifa ghafla, ubongo huvimba na degedege kuzidi, ndiyo maana daktari huongeza dawa za kutuliza uvimbe. Mwambieni pia kama kuna mtu nyumbani anayetoa vipande vya tegu, vyeupe na bapa, chooni, maana huyo naye anatakiwa kutibiwa.