Hasara Haisubiri Uuze

"Hasara si hasara mpaka uuze." Juma hili nimeisikia tena, safari hii kwa mteja ambaye hisa zake zimepoteza nusu ya bei aliyonunulia, naye aliitamka kwa utulivu wa mtu anayetaja kanuni ya hesabu. Hakuna kanuni kama hiyo. Hisa ina thamani ya kile ambacho mnunuzi yuko tayari kulipa leo. Kuuza kunaiandika tu hasara iliyokwisha kutokea.

Kinachosema hapo ni maumivu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu hupima faida na hasara kuanzia alama aliyojiwekea, na kwamba kupoteza humuuma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyomfurahisha. Kwa mwekezaji, alama hiyo kwa kawaida ni bei ya kununulia, ambayo soko halina habari nayo. Mwaka 1998 mtafiti wa masuala ya fedha Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za kampuni moja ya udalali ya Marekani: wateja walikuwa wepesi kuuza hisa zenye faida na wazito kuuza zenye hasara, ilhali zile walizouza kwa faida zilizishinda zile za hasara walizozing'ang'ania kwa wastani wa asilimia 3.4 katika mwaka uliofuata. Mwezi wa Desemba tu mambo yaligeuka, kwa sababu ya nafuu ya kodi kwa anayeuza kwa hasara. Walipopata sababu ya kuuza isiyowalazimisha kukiri kosa, waliweza.

Sisemi kila ambaye bei ya hisa zake imeshuka auze. Soko zima likianguka, mwenye mfuko uliotawanywa katika kampuni nyingi mara nyingi hufanya vyema kutulia, lakini hutulia kwa kutarajia mapato yajayo. Sentensi ileile inayomtuliza huyu humzamisha mwenye hisa za kampuni moja inayodidimia. Naichukia kwa sababu inatoa jibu kabla ya kuuliza mtu ameshika nini.

Vitabu vingi husema uzito huo wote wa kuuza hisa zenye hasara hutokana na hofu ya hasara. Mimi nasita, kwa kuwa mwaka 2009 watafiti Nicholas Barberis na Wei Xiong walionyesha kwamba nadharia ya Kahneman na Tversky, ikifuatwa kihesabu, wakati mwingine hutabiri kinyume. Huenda kinachouma ni kitendo chenyewe cha kuuza na kufunga hesabu.

Nilimuuliza mteja: kama ungekuwa na fedha taslimu badala ya hisa hizo, ungezinunua leo? Alijibu hapana, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama asubiri mpaka bei irudi pale aliponunulia.