Krimu ya steroidi: woga wetu umekaa pasipo pake

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Kisauni alitoa mkobani tyubu ya krimu ya steroidi, dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, niliyomwandikia mwanawe mwenye ukurutu (eczema) miezi mitatu nyuma. Ya gramu 15. Nikaiminya, nikaikuta karibu imejaa. Mtoto mwenyewe, wa miaka minne, alikuwa amekaa pajani pa mamake akijisugua nyuma ya goti kwa kisigino cha mguu wa pili, bila kupumzika. Ngozi ya pale ilishakuwa nene na ngumu, ina mistari kama kiganja cha mtu aliyevuta kamba za jahazi maisha yake yote.

"Mama, hii dawa ulimpaka?"

"Nilimpaka siku mbili, daktari. Kisha shangazi yake akanambia ina steroidi, itamchuna ngozi. Nikaogopa, nikaacha."

Hakuna wiki inayopita bila kuyasikia maneno haya. Itamchuna, itamchubua, itamzoesha. Mtoto anaendelea kujikuna na dawa iko kabatini. Nimeamua kuyaandika, kwa sababu kwenye chumba cha daktari dakika kumi hazitoshi.

"Steroidi inachuna ngozi, bora upake kidogo sana au uache"

Kuna ukweli ndani ya uvumi huu, ndiyo maana haufi. Steroidi kali, ikipakwa mahali pembamba kama usoni, kwapani au kinenani, kwa miezi, hupunguza unene wa ngozi na kuleta michirizi isiyofutika. Lakini sikiliza masharti yake: kali, mahali pembamba, miezi. Krimu ya nguvu ya wastani kwenye kunjo za kiwiko na goti la mtoto mwenye ukurutu, kwa wiki moja au mbili alizopangiwa, haifanyi hivyo. Kinachoiharibu ngozi ya huyu mtoto ni kucha zake. Anajikuna usiku, ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia, panatoa maji. Asubuhi anakwenda chuoni, yaani madrasa, macho mazito, mwalimu anadhani ni mvivu.

Tena kupaka kidogo kidogo hakumlindi. Ukurutu ni kama moto wa makumbi ya nazi. Ukimwagia kikombe kimoja cha maji moshi unapungua, nawe unaondoka; ndani makumbi bado yanaungua, na upepo ukivuma moto umerudi. Mzazi anayepaka tone siku mbili, akaacha, akapaka tena wiki ijayo, mwishowe atatumia dawa kwa miaka na asione nafuu hata mwezi mmoja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Minya krimu kwenye kidole chako cha shahada, wewe mtu mzima, kuanzia ncha ya kidole mpaka mstari wa pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Mtoto yule alikuwa na ukurutu nyuma ya magoti yote mawili na kwenye kunjo za viwiko vyote viwili, jumla kama viganja vinne. Kwa hiyo ni vipimo viwili, gramu moja kila anapopakwa. Mara moja kwa siku inatosha kwa krimu nyingi za nguvu ya wastani na kali. Kupaka mara tatu hakuharakishi kitu. Sasa piga hesabu: siku 14, gramu 14. Tyubu ile ilipaswa kuwa imekwisha baada ya wiki mbili, na mimi ningefurahi kuiona tupu.

Nilimminyia mamake kidoleni. Akaitazama. "Yote hii, daktari?" Yote hiyo, mama.

Na usiache siku mwasho unapotulia. Fumba macho, upapase kwa kidole: kama bado panakwaruza, bado kuna moto ndani. Pakiwa laini kama ngozi ya jirani yake, acha. Wiki mbili zikipita bila nafuu, usiongeze mwenyewe, rudi. Kama ukurutu unarudi palepale kila mara, muulize daktari wako juu ya kupaka siku mbili tu kwa wiki mahali hapo hata kukiwa shwari. Mpango huo hupunguza marudio, na wengi hawajawahi kuusikia.

"Krimu imemwachia mabaka meupe"

Kwenye ngozi yetu nyeusi, uvimbe wa ukurutu wenyewe huvuruga rangi. Ukipoa huacha mahali peupe zaidi au peusi zaidi, na kwa kuwa mabaka yanaonekana wakati mgonjwa anatumia krimu, lawama yote inaiangukia krimu. Mara nyingi ni alama ya ugonjwa, na rangi hurudi yenyewe kwa miezi kadhaa. Steroidi kali nayo inaweza kufifisha rangi ikitumiwa muda mrefu, sikatai. Ndiyo hasa inayonipeleka kwenye linaloniuma.

Yule shangazi aliyemtisha mama, nilimwomba naye aje. Alikuja. Alikuwa na mikebe miwili ya krimu ya kung'arisha uso, mmoja hauna hata orodha ya viungo, mwingine una klobetasoli. Ameupaka uso mwaka mzima. Mashavuni mishipa midogo inaonekana, na ameota chunusi ambazo hakuwa nazo alipokuwa msichana. Nyumba moja: krimu ya mtoto inaogopwa, hii ya usoni haiogopwi, kwa sababu ilinunuliwa sokoni na inanukia vizuri.

Klobetasoli, ambayo kwenye boksi huandikwa "Clobetasol", kwa herufi C, ni miongoni mwa steroidi zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Kazi yake ipo, kwa mfano soriasisi sugu (ugonjwa wa ngozi wenye magamba) ya kiwiko cha mtu mzima. Hata hapo haizidi wiki mbili mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki. Haikutengenezwa kwa ajili ya weupe wa mtu.

"Asilimia ndogo, dawa nyepesi"

Hapana. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ina nguvu mamia ya mara kuliko hiyo. Namba hulinganishwa ndani ya dawa moja, si kati ya dawa mbili. Soma jina kwanza.

"Inatibu mwasho wowote"

Jasho la kaskazi halibagui, na choa hupenda kinenani na chini ya matiti. Mtu anapewa ile krimu ya tatu kwa moja, yenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria, mwasho unatulia kwa siku mbili, anaisifu. Chini yake fangasi wanaenea, ile duara yenye ukingo inapotea, na akifika kwangu ugonjwa hautambuliki kwa macho. Kama mwasho una umbo la duara au unatambaa, upimwe kwanza.

Machoni sipendi kabisa mtu ajipakie mwenyewe. Kope ni nyembamba mno, na matumizi ya muda mrefu huleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Chini ya nepi pia: joto na plastiki huifanya dawa ipenye zaidi.

Mafuta ya kulainisha ni nusu ya matibabu, nitalisema mpaka nistaafu. Vaselini ya kawaida isiyo na manukato, mara mbili au zaidi kwa siku, hasa mara tu baada ya kuoga. Acha kama dakika ishirini kati yake na steroidi. Na jamani, marashi na udi viende kwenye nguo za mkubwa, si za mtoto mwenye ukurutu.

Kwa anayejipaka klobetasoli usoni kwa miezi na sasa ameshtuka: ukiacha, uso unaweza kuvimba, kuwaka na kutoka vipele kwa wiki kadhaa, na wengi huirudia wakidhani ngozi inaihitaji. Usipambane nayo peke yako. Njoo na mikebe yako yote, hata usiyo na jina, tuipange pamoja jinsi ya kutoka. Sitakugombeza.