Kompaundi haipakwi

Juzi nililetewa gari lenye mkwaruzo mlangoni, mstari mweupe uliotoka kwenye kitasa hadi karibu na bawaba. Mwenye gari akaniambia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizia kila mahali: "Fundi, hapo paka kompaundi tu, patajaa." Hiyo "paka kompaundi" nimeisikia miaka yote na nimejizoeza kunyamaza. Hilo "patajaa" ndilo lililonishinda.

Kompaundi ni uji mzito wenye chembe ngumu za kusagia, zilizochanganywa na maji na mafuta ya kulainisha. Unauweka kwenye pedi, unasugua juu ya rangi ya gari kwa mkono au kwa mashine, chembe zinakwangua sehemu nyembamba sana ya uso wa rangi, kisha unaufuta wote. Kinachobaki ukimaliza ni rangi ileile ya asubuhi, ila imepungua kidogo. Hiyo ndiyo maana yake, na ningeishia hapo kama tatizo lisingekuwa kwenye kitenzi.

Kupaka ni kuweka kitu juu ya kitu ili kikae. Tunapaka mafuta mwilini, tunapaka hina mikononi, tunapaka chokaa ukutani. Kazi ikiisha, kuna kilichoongezeka. Sasa chukua msasa. Hakuna seremala aliyewahi kusema "nimeipaka meza msasa." Tunasema meza imepigwa msasa, kwa sababu kila mtu anajua msasa unakula ubao na ukiondoka unaacha vumbi tu. Basi kompaundi nayo ni msasa. Ni msasa uliotiwa kwenye chupa, na inastahili kitenzi kilekile: kompaundi inapigwa. Najua nitaambiwa kwamba hata rangi huwa tunasema "imepigwa", na rangi inaongezeka. Ni kweli. Kupiga ni kitenzi cha kila kazi, hata simu na pasi tunazipiga. Sidai kwamba kila kinachopigwa kinapungua. Ninachosema ni kwamba sijawahi kuona kinachopakwa kikapungua.

Na msasa wenyewe una asili inayofaa kukumbukwa hapa. Kabla ya kuwa karatasi, msasa ni mti, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka (yule mnyama, si kitenzi). Majani hayo yalitumika kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipokuja, watu waliangalia inachofanya, wakaona ni kilekile kinachofanywa na jani, wakaipa jina la jani. Baadaye hata mwandishi mchanga na mchezaji chipukizi wakawa wanapigwa msasa. Neno limetoka mtini likafika kwa binadamu na maana yake haijapotea njiani: kuondoa kinachozidi ili kibaki kilicho laini.

Neno kompaundi halikubahatika hivyo. Limetoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kilatini, componere, kuweka pamoja. Kwa hiyo maana yake ni mchanganyiko, basi. Linakuambia kwamba ndani ya chupa kuna vitu zaidi ya kimoja na halikuambii vinafanya nini. Waingereza wenyewe hulazimika kuliongezea neno la mbele wapate kuelewana: ya kusugulia, ya kukatia. Sisi tukalichukua peke yake, kama mtu aliyebeba chupa akasahau maelekezo. (Ile kompaundi nyingine, ua lililozungushiwa ukuta, haina undugu na hii. Wengi wanaona hiyo ilitoka kwenye kampung la Kimalay, yaani kijiji, na maneno hayo mawili yakaja kufanana kwa maandishi tu huko Kiingereza.)

Na hilo "ya kukatia" nalo limezaa kosa lake. Watu wakisikia kompaundi ya kukatia wanadhani kinachokatwa ni mkwaruzo. Mkwaruzo hauna mwili wa kukatwa. Kinachokatwa ni rangi nzima iliyo pembeni yake, na hapo tutarudi.

Ila mkosaji mkubwa kuliko kompaundi ni polishi. Asili yake ni Kilatini pia, polire, kulainisha. Lakini polishi ya kwanza kukutana nayo wengi wetu ilikuwa kwenye kopo la viatu. Hiyo watu huiita kiwi, kwa jina la kampuni iliyoanzia Australia mwaka 1906 na kujipa jina la ndege wa New Zealand. Polishi ya viatu kwa sehemu kubwa ni nta iliyotiwa rangi. Unaipaka, inajaza vinyweleo vya ngozi, unapiga brashi, kiatu kinang'aa, na kilichoongezeka kinabaki pale mpaka vumbi likishinde. Mtoto aliyeng'arisha viatu vya shule kila Jumapili jioni anakua akijua kwamba mng'aro ni kitu kinachopakwa. Siku akinunua gari, anahamia nalo wazo lilelile.

Kwenye gari mambo yamegeuka. Polishi ya gari, kwa maana yake halisi, ni kompaundi yenye chembe ndogo zaidi. Nayo inapunguza, ila kwa upole. Kinachopakwa kikabaki ni waksi, yaani nta, kama ile ya majani ya carnauba, mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, au hizi za maabara zinazofanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo kati ya chupa tatu zinazouzwa rafu moja, mbili zinachukua na moja inaacha, na zote tatu tumeziita polishi.

Sasa turudi kwenye mlango. Gari nyingi za siku hizi zina praima chini, yaani koti la kwanza la kushikia rangi, rangi katikati, na juu yake kliya, koti lisilo na rangi linalong'aa na kuikinga rangi dhidi ya jua. Kliya ya kiwandani huwa kati ya mikroni 35 na 50 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Yaani ngao yote tunayoichezea ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Mkwaruzo ni bonde kwenye ngao hiyo. Jicho linauona kwa sababu kingo za bonde zinatawanya mwanga badala ya kuurudisha sawasawa. Kompaundi inateremsha uwanda mzima unaolizunguka, pole pole, mpaka uwanda uwe sawa na chini ya bonde, au angalau kingo ziwe zimelala kiasi kwamba mwanga haukwami tena. Wala hakuna kilichojazwa. Vilima vimeshushwa. Bonde likiwa na kina cha mikroni tatu nne, umeshinda. Likiwa limepita kliya likagusa rangi, ili ulisawazishe itabidi uiondoe kliya yote pembeni yake, na hapo utakuwa umebadilisha mkwaruzo mmoja kwa kiraka cha rangi iliyo uchi.

Kwa mteja wangu nilifanya kama ninavyofanya kwa kila mtu. Kwanza nilipafuta mahali pale kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, maana mara nyingi mstari mweupe si mkwaruzo wa gari lako bali ni rangi ya gari lingine, au ya nguzo, iliyobaki juu. Haukutoka. Nikamwagia maji. Mkwaruzo wa juujuu ukilowa hufifia, kwa kuwa maji huziba bonde kwa muda na mwanga ukapita vizuri. Huu ulibaki mweupe vilevile. Nikamwambia apitishe ukucha kwa kuukingama, taratibu. Ukucha wake ukakwama, ukatoa sauti ndogo, tk. Hapo tukatazamana. Ule weupe ulikuwa praima.

Ukucha si mizani, lakini unasaidia kuliko lebo nyingi. Ukiteleza bila kuhisi kitu, kompaundi au hata polishi peke yake inaweza kutosha. Ukihisi kidogo, unaweza kuupunguza mkwaruzo usionekane ukiwa umesimama hatua mbili. Ukikwama, achana na kompaundi.

Kuhusu kuchagua ipi, watu hutaka jina, nami nikiwapa jina nitakuwa nimewadanganya. Ukali haumo kwenye chupa peke yake. Kompaundi moja ukiipiga kwa pedi ya sufu inakata sana. Ukiipiga kwa sponji laini inakuwa kiumbe kingine. Ongeza mgandamizo, kasi ya mashine, na kliya yenyewe, kwani zipo ngumu zinazokataa kabisa na zipo laini zinazokubali kwa mkono. Ndiyo maana mtu anasifia chupa iliyomshinda jirani yake, na wote wawili wanasema kweli.

Halafu kuna namba. Kwenye msasa, namba ikipanda ukali unashuka: P1200 ina chembe za mikroni 15 hivi, P2000 zina 10 hivi, na wenye viwanda wamekubaliana. Kwenye kompaundi hakuna makubaliano kama hayo. Kila kampuni ina ngazi yake, na nyingine zinapandisha namba kadiri ukali unavyopanda. Mtu aliyezoea msasa akasoma lebo kwa mazoea atachukua kali kuliko zote akidhani ameshika ya mtoto. Nimeona boneti nyeusi iliyotendwa hivyo. Juani ilikuwa na ukungu wa duara duara kama imelambwa na ng'ombe.

Kwa hiyo anza na iliyo laini. Bandika mkanda wa karatasi kwenye kipande cha nusu mita, lisiguswe eneo jingine, piga, futa, mulika kwa tochi kwa pembeni. Ikishindwa, badilisha pedi kwanza kabla ya kubadilisha chupa. Kingo za mlango na mikunjo ya boneti zifunike kabisa, kwa sababu pale rangi huwa nyembamba na mashine hupenda kupaunguza. Ukilazimika kutumia kali, jua kwamba nayo itaacha mikwaruzo yake midogo, na polishi ndiyo itakayoisafisha. Chembe za kompaundi nyingi ni oksidi ya alumini, ambayo kwa asili ni ileile ya yakuti, ya 9 kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ni ya 10. Kitu kama hicho ukikisugua kwenye gari ambalo halijaoshwa, mchanga wa barabarani ukiwa bado upo, usiilaumu chupa. Hata dawa ya meno, ambayo kila mwaka kuna anayeivumbua upya, inafanya kazi kwa kuwa ina unga wa kusugulia. Haina muujiza, ni kompaundi dhaifu yenye harufu ya mnanaa.

Kwa haki ya mteja wangu, lile neno lake "patajaa" halikutoka hewani. Zipo chupa zenye mafuta na nta nyingi ndani, zinazoziba mabonde madogo na kuyaficha. Ukimaliza, gari linapendeza kweli. Baada ya kuoshwa mara kadhaa mafuta yanatoka na mistari inarudi palepale ilipokuwa. Hii ni funika kombe mwanaharamu apite, na wauza magari wanaijua vizuri. Ukitaka kujua kama fundi wako amekata au amefunika, pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla hajapaka waksi. Aliyekata kweli hatakasirika.

Mwenye gari alisikiliza yote hayo akiwa amesimama, ukucha bado uko kwenye ule mstari, anaupitisha huku na huku.

"Kwa hiyo kompaundi haijazi."

"Haijazi, kaka. Inachimba pembeni. Hapa pa kwako panataka praima kidogo, rangi, na kliya, kwa brashi ndogo. Ikikauka vizuri ndipo nitapiga kompaundi kuisawazisha na wenzake."

"Sasa mimi nikija siku nyingine nisemeje?"

"Sema nipigie kompaundi, unipakie waksi. Na leo sema nipakie rangi."