Je, Wajua Kwa Nini Wimbo wa Asili Usio na Mwenyewe Unaweza Kukuletea Kesi?

Michel-Richard de Lalande, aliyewatungia muziki wafalme wa Ufaransa, alifariki mwaka 1726. Karibu miaka 280 baadaye, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ya rekodi ya Hyperion imevunja hakimiliki kwa kurekodi muziki wake. Hakimiliki ya nani tena, ilhali mtunzi yuko kaburini tangu karne ya 18? Ya Lionel Sawkins, mtaalamu wa muziki aliyezichukua hati kuukuu za Lalande, akasahihisha makosa, akajaza palipopungua, kisha akaandaa nota ambazo wanamuziki wa leo wanaweza kuzipiga. Hakudai kutunga chochote. Mahakama ilisema kazi aliyoifanya inalindwa vilevile.

Muziki wa Lalande ni wa makasri na makanisa, si wa wanavijiji. Hata hivyo kesi hiyo inagusa swali linalowasumbua wengi wanaoweka nota za nyimbo za asili mtandaoni. Kama mahadhi ni ya kale, mtunzi hajulikani na kila mtu anayapiga, ubaya uko wapi nikiyaandika na kuyapakia?

Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba wimbo ni kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja. Sheria hailioni jambo hivyo. Inauliza kila aliyeugusa wimbo ameongeza nini, na nyongeza hiyo ndiyo inayolindwa, kwa muda wake na kwa jina lake. Mahadhi ya dansi yaliyopigwa tangu karne ya 18 ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuyatumia bila kuomba ruhusa. Mtu aliyeyapangia sauti nne za kwaya mwaka 1985 ana haki juu ya mpangilio wake, lakini mahadhi yenyewe hayajawa yake. Aliyetunga ubeti mpya anamiliki ubeti huo tu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, unautambua mpangilio wa muziki kuwa kazi kamili inayolindwa, bila kuathiri haki za kazi ya awali. Uingereza wameongeza jingine: hata sura ya ukurasa, yaani jinsi mchapishaji alivyopanga nota karatasini, inalindwa kwa miaka 25 tangu kuchapishwa. Basi ukiupiga picha ukurasa wa kitabu cha juzi na kuupakia, unaweza kuwa umekosa hata kama kila nota iliyomo ina miaka 300. Ukizinukuu nota hizo upya wewe mwenyewe, suala la ukurasa limekwisha. La mpangilio bado lipo.

Na aliyenukuu tu je, bila kupanga wala kutunga? Hapa nchi zinaachana. Mwaka 1900, majaji wa ngazi ya juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba waandishi wa gazeti walionukuu neno kwa neno hotuba za mwanasiasa Lord Rosebery walikuwa na hakimiliki juu ya maandishi yao, kwa kuwa kunukuu vizuri ni kazi ya ustadi. Sawkins alipita njia hiyohiyo. Marekani walikataa. Katika kesi ya mwaka 1991 iliyohusu kitabu cha namba za simu, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema jasho peke yake halizai hakimiliki. Lazima kuwe na chembe ya ubunifu. Uingereza nako, mwaka 2023, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kipimo cha sasa ni ubunifu wa mwandishi mwenyewe, si bidii na ustadi pekee. Kwa hiyo mtu anayebandika alama ya hakimiliki juu ya mahadhi ya kale aliyoyanukuu jinsi yalivyo, kisha akawatisha wengine, mara nyingi anatingisha kibiriti kitupu. Lakini kibiriti cha aliyehariri, akachagua, akapanga, huenda kina njiti.

Vitabu vya Francis O'Neill vinalionyesha hilo vizuri. O'Neill alizaliwa Ireland mwaka 1848, akahamia Marekani na kupanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Muda wake wa ziada aliutumia kukusanya mahadhi ya wahamiaji wenzake. Kuandika nota hakukuwa fani yake, kwa hiyo alimtegemea James O'Neill, polisi mwenzake ambaye hawakuwa na undugu, ayasikilize na kuyanukuu. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chenye mahadhi 1,850, na mwaka 1907 kingine chenye 1,001. Marekani hulinda vitabu vya enzi hiyo kwa muda usiozidi miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo vyote viwili viko huru huko. Ila mwaka 1976 Miles Krassen alitoa toleo lililorekebishwa la kile cha kwanza, na marekebisho hayo yana haki zake. Jina la O'Neill liko kwenye majalada yote. Mtu akikuambia "nimetoa kwa O'Neill", muulize O'Neill wa mwaka gani.

Hata hivyo mimi naona hatari kubwa zaidi haiko kwenye matoleo. Iko pale mtu anapoandika "wimbo wa asili" mahali pa jina la mtunzi kwa sababu tu hakujishughulisha kutafuta. Mwaka 1982 mpiga fidla wa Marekani, Jay Ungar, alitunga "Ashokan Farewell" kwa mtindo wa maombolezo ya Kiskoti. Mwaka 1990 Ken Burns akautumia katika filamu yake ya televisheni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, na watazamaji wengi wakaamini wameusikia wimbo wa askari wa enzi hizo. Una mtunzi na una hakimiliki. Ed Reavy naye, fundi bomba mwenye asili ya Ireland aliyeishi Philadelphia na kufariki mwaka 1988, aliacha mahadhi ambayo wapigaji wengi huyachanganya na ya karne zilizopita. Ukihesabu miaka 70 baada ya kifo, kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2058.

Kosa la namna hiyo huumiza watu. Mwaka 1939, jijini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake walirekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ulipovuka bahari ulichukuliwa kama wimbo wa kienyeji usio na mtu, ukabadilishwa jina, na mwaka 1961 ukavuma dunia nzima kama "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifungua kesi mwaka 2004 dhidi ya Disney, kampuni iliyoutumia wimbo huo katika filamu ya The Lion King, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2006. Ni vigumu kuisoma habari hiyo ukaendelea kuandika "asili" kwa mazoea.

Kinyume chake pia hutokea. Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu wa Ireland, anajulikana kwa jina na kwa miaka yake, 1670 hadi 1738, na mahadhi yake ni huru kabisa. Kuwa na mtunzi anayejulikana hakukatazi kitu. Kinachoangaliwa ni muda.

Tuseme basi hukugusa kitabu chochote, bali ulisikiliza rekodi na kuandika ulichokisikia. Haki ya rekodi inalinda sauti zilizonaswa. Ukizigeuza kuwa nota, hujainakili rekodi. Ukiipakia rekodi yenyewe pembeni ya nota, umeinakili, na umri wa mahadhi hautakusaidia. Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 zimekuwa huru tangu Januari 1, 2022, na za baadaye zinaendelea kufunguka polepole. Linalohitaji uangalifu ni ulichoandika. Mpigaji stadi akirudia mahadhi ya kale mara tatu, ya tatu hujaa mizunguko aliyoibuni mwenyewe, na kuinukuu nota kwa nota kunaweza kuwa kunakili kazi yake. Andika mifupa ya mahadhi, yaani kile ambacho wapigaji wote wanakubaliana. Binafsi ningependelea mifupa hata kama sheria isingekuwepo, maana nota zilizosheheni kila pambo la mtu mmoja hazisomeki.

Halafu kuna mipaka ya nchi. Maktaba ya nota ya mtandaoni iitwayo IMSLP ilifungwa mwezi Oktoba 2007 baada ya mchapishaji wa Vienna, Universal Edition, kuitishia hatua za kisheria. Maktaba hiyo iliendeshwa kutoka Kanada, ambako hakimiliki ilidumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, wakati Ulaya ni miaka 70. Kilichokuwa halali upande mmoja kilikuwa kosa upande wa pili, na intaneti haina forodha. Ilifunguliwa tena mwaka 2008. Kanada yenyewe ilihamia miaka 70 mwishoni mwa mwaka 2022.

Na zipo nchi ambako ukale haufungui mlango hata kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya mwaka 2005 inaziweka sanaa za jadi za nchi hiyo mikononi mwa rais, kwa niaba ya wananchi. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya ARIPO, shirika la kikanda la Afrika linaloshughulikia haki za ubunifu, inazipa jamii haki juu ya sanaa zao za jadi. Katika jamii nyingi, nyimbo za jando, matambiko na mazishi hazikukusudiwa masikio ya kila mtu, na hapo mtu wa kuulizwa ni mzee anayezilinda, wala si wakili.

Anayetumia mfumo wa ABC, ambao Chris Walshaw aliubuni ili mahadhi yaandikwe kwa herufi za kawaida za kompyuta, ameshapewa mahali pa kuweka haya yote. Mstari wa C ni wa mtunzi, O ni wa mahali wimbo ulikotoka, S ni wa aliyekupa, B ni wa kitabu, D ni wa rekodi, na Z ni wa aliyenukuu. Mafaili mengi yanayozunguka mtandaoni yana mstari wa jina la wimbo, ufunguo na mwendo, basi. Atakayeyakuta hana namna ya kujua kama yametoka kwa bibi fulani au toleo la 1976, naye atayapakia tena hivyohivyo.

Mtunzi akikuandikia kwamba wimbo ulioupakia ni wake, ondoa nota kwanza, mabishano baadaye. Jina la wimbo unaweza kuliacha, kwa kuwa majina kwa kawaida hayana hakimiliki, pamoja na kiungo cha kuwapeleka wasomaji kwenye ukurasa wake. Kisha muulize kama anaruhusu nota zirudi zikiwa na jina lake kwenye mstari wa C. Wapo wanaokubali siku hiyohiyo.