Dozi Moja, Maini Tofauti

Kazi yangu ni kupima jinsi ini linavyovunja dawa. Tangu shahada ya uzamili nimekuwa na familia moja ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini), saitokromu P450, kwa kifupi CYP, na hadi leo sijaichoka. Binadamu ana jeni 57 za familia hii, lakini sehemu kubwa ya dawa tunazomeza hushughulikiwa na vimeng'enya vichache tu, kama CYP3A4, CYP2D6 na CYP2B6. Dawa inayoyeyuka kwenye mafuta haitoki mwilini kirahisi: figo huichuja, kisha ikarudi tena kwenye damu. Kimeng'enya huipachika atomu ya oksijeni, nayo ikaanza kuyeyuka kwenye maji hadi ikapata njia ya kutoka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha zamani. Unasaga kipande cha ini, unakizungusha kwenye sentrifuji kwanza kwa kasi ndogo ili mabaki ya seli yatuame, halafu unauzungusha ule umajimaji wa juu kwa nguvu ya mara 100,000 ya mvutano wa dunia. Chini ya neli hubaki donge dogo la rangi ya kahawia yenye wekundu. Hizo ndizo mikrosomu, vipande vidogo vya utando wa seli vinavyobeba vimeng'enya hivi. Unazichanganya na bafa (kimiminika kinachodhibiti asidi) na kemikali ya dithionaiti, unapitisha viputo vya kaboni monoksidi, unaweka kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, na grafu inapanda kilele kwenye nanomita 450. Namba iliyo kwenye jina la familia imetoka hapo. Tsuneo Omura na Ryo Sato ndio walioipa jina hilo huko Japani mwaka 1962. Kilele kikihamia 420, vimeng'enya vimeharibika, na sampuli hiyo haitakupa jibu la kuaminika.

Ila kilichonifunga kwenye kazi hii ni tofauti kati ya mtu na mtu. Chukua efavirenzi, dawa ya VVU iliyokuwa ndani ya kidonge cha TLE ambacho watu wengi wenye VVU walikinywa kabla ya TLD, kidonge chenye dolutegraviri badala yake. Inavunjwa hasa na CYP2B6. Kuna badiliko la herufi moja kwenye jeni hiyo, nafasi ya 516, linalofanya ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa kiasi kidogo. Afrika badiliko hili limeenea sana. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama, dawa hujaa kwenye damu yake kupita kiasi, akapata kizunguzungu na ndoto za kutisha usiku kucha. Wagonjwa waliyasema haya kliniki kwa miaka mingi, na mara nyingi waliambiwa wavumilie. Mwaka 2014 jaribio la ENCORE1 lilionyesha kwamba miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600 zilizokuwa dozi ya kawaida. Kwangu mimi hilo lilipaswa kupimwa mapema zaidi, tena kwa watu wetu.

CYP2D6 nayo ina mambo yake. Kimeng'enya hiki hugeuza kodeini, dawa ya maumivu, kuwa mofini, iliyo kali zaidi. Utafiti wa Eleni Aklillu na wenzake wa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hii. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata mofini nyingi mno kwa dozi ya kawaida ya kodeini. Kwa Watanzania, watafiti walikuta aina ya jeni hiyo iitwayo *29, ambayo hufanya kazi polepole zaidi. Afrika Mashariki hiyohiyo, maini mbalimbali.

Siku hizi nimejikita kwenye rifampisini, dawa ya TB. Yenyewe huliamsha ini litengeneze kwa wingi CYP3A4 na vimeng'enya vingine, vikiwemo vinavyovunja dolutegraviri, na ongezeko hilo huchukua takriban wiki mbili kupungua baada ya kuiacha. Kwa hiyo anayetumia TLD akianza dawa za TB huongezewa kidonge cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kawaida, na hukiendeleza kwa wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Mgonjwa akijisikia amepona hutamani kukiacha mapema, tafadhali asikiache. Na mama mwenye kijiti cha uzazi wa mpango akianzishiwa rifampisini, amwambie muuguzi siku hiyohiyo. Homoni ya kijiti nayo huvunjwa na CYP3A4, hivyo anahitaji kinga nyingine ya mimba, kondomu au kitanzi cha shaba, kwa muda wote wa matibabu na mwezi mmoja baada yake.