Baga ya jina kubwa, ati ndo nyama nyingi?

Hapa Mombasa wengi twaamini kwamba baga ya hoteli yenye jina, ile yenye picha kubwa ukutani, lazima iwe na nyama nyingi na tamu kushinda ya kibandani. Na si ajabu kuamini hivo, manake picha yenyewe yatia mate.

Sasa, ile robo pauni inayotangazwa ni uzani wa nyama mbichi, yaani kama gramu 113, ikishapigwa moto maji na mafuta yatoka na kawaida yapungua kama robo hivi, kwa hio unayotafuna ni kama gramu 85. Hujaibiwa, ndivo nyama ilivo, hata mishkaki ya Mwembe Tayari yanywea kwa makaa. Picha nazo hupangwa, nyama na nyanya zasukumwa mbele upande wa kamera, nyuma kwaweza kuwa hakuna kitu.

Utamu je? Mwingi watoka kwa ule ukoko wa kahawia, na huo wataka chuma kiwe moto sana na nyama isiwe na majimaji, jina la duka halihusiki kabisa.

Kama una mizani ya jikoni, nunua baga mbili, moja ya hoteli yenye jina kule Nyali, moja ya kibandani mtaani kwako, toa mkate pima nyama peke yake, halafu gawanya bei kwa gramu. Mimi nlifanya nkacheka, ila chipsi za Nyali nazipenda bado.