Je, wajua kwa nini detekta iliyotulia shambani hupiga kelele ufukweni?

Chukua detekta ya kutafutia metali, iwashe chini ya mikorosho kwenye shamba la kichanga huko Newala, nayo itatulia mpaka ipite juu ya msumari au kizibo cha soda. Ishushe Mikindani maji yakiwa yamepwa, uipitishe kwenye mchanga uliolowa bila kugusa kitufe chochote, na huenda ikalia mfululizo mahali pasipo na hata sindano. Wengi hapo huamua kwamba wameuziwa mashine mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa, ila inaisikia ardhi yenyewe.

Ndani ya ile sahani ya chini, ambayo watumiaji huiita koili, kuna nyaya zinazopitisha umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo huzalisha uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga ukikuta metali, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme, navyo hutoa uga wao mdogo unaorudi juu kwenye koili. Detekta husoma jibu hilo: lina nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani. Lakini si metali pekee inayojibu. Udongo wenye madini ya chuma hujibu kwa sababu una usumaku, na mchanga wenye maji ya chumvi hujibu kwa sababu unapitisha umeme. Jibu la ardhi linaweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko la punje ya dhahabu unayoitafuta.

Kwa hiyo kuseti detekta ni kuiambia mashine ipuuze sauti ipi ya ardhi, na ardhi ikibadilika maagizo nayo yabadilike. Wanaoanza hufanya kinyume: hupandisha usikivu mpaka mwisho wakiamini mashine itafika chini zaidi. Hesabu inakataa. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, ukizidisha kina mara mbili, mwangwi wake hupungua takriban mara 64. Usikivu wa ziada hukuongezea sentimita chache tu, huku kelele za udongo zikipanda zote pamoja. Shusha kidogo kidogo mpaka mashine itulie, hapo ndipo utasikia sauti nyembamba ya kitu cha kweli.

Turudi ufukweni. Mchanga mkavu wa juu hausumbui. Shida inaanza pale maji yanapofika, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka huonekana na mashine kama metali dhaifu, na kwa bahati mbaya mkufu mwembamba wa dhahabu nao huonekana hivyo hivyo. Ukichuja chumvi kupita kiasi, unachuja na mkufu. Kama mashine yako ina seti ya ufukweni au hutumia masafa mengi kwa wakati mmoja (masafa ni idadi ya mara umeme wa koili unavyogeuka kwa sekunde), itumie hapo. Kama ina masafa mamoja, shusha usikivu na uisawazishe upya, yaani uizoeshe sauti ya ardhi, juu ya mchanga uleule uliolowa. Kisha tembea sambamba na maji, usipande na kushuka, ili unyevu chini ya koili ubaki sawa. Hatua hii ndogo hutuliza mashine kuliko vitufe vingi.

Ruangwa ni habari nyingine. Kule Namungo wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu, na punje ndogo hupenda masafa ya juu, kuanzia kama kilohezi 20 na kuendelea, wakati sarafu nene za fedha au shaba husikika vizuri kwenye masafa ya chini. Lakini masafa ya juu hayo hayo huusikia zaidi udongo. Dawa yake ni kusawazisha ardhi: tafuta mahali pasipo na metali, inua koili na kuishusha taratibu, kutoka karibu na ardhi hadi usawa wa goti, huku ukirekebisha mpaka mvumo ubaki uleule juu na chini. Ukiona udongo umegeuka rangi, rudia. Kichujio cha chuma, yaani seti inayoifanya mashine ipuuze chuma, kizime kabisa, maana kwenye udongo mkali punje ya dhahabu inaweza kusomeka kama chuma. Unachimba kila mlio. Inachosha, lakini anayechagua milio anaziacha punje ardhini.

Wilaya hiyo ya Ruangwa ina jambo jingine linalowachanganya watu: kinywe, yaani grafiti. Madini haya si metali, lakini yanapitisha umeme, kwa hiyo detekta huyalilia kwa sauti nzuri kabisa. Mlio wake mara nyingi ni mpana, hauna kitovu. Chimba kidogo, kisha sugua kipande kati ya vidole: kikikuachia weusi unaoteleza, ni kinywe, songa mbele. Kuna detekta za mapigo, zinazotuma umeme kwa mafungu na kusikiliza katikati ya ukimya, ambazo huvumilia udongo mkali na chumvi. Ila ni dhaifu katika kutofautisha chuma na metali nyingine, na bei yake ni kubwa. Na kumbuka kwamba hata kutafuta tu dhahabu kunahitaji leseni yako au ridhaa ya mwenye leseni.

Nachingwea, adui ni takataka. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulileta matrekta na reli ambayo baadaye iling'olewa, na palipopita mitambo hubaki nati, misumari na vipande vya waya. Koili ndogo inafaa hapo, kwa sababu hutenganisha vitu vilivyokaribiana. Chuja chuma kidogo tu: msumari uliolala kando ya sarafu, ukiuzima, unaweza kuizima na sarafu.

Upande wa Mahiwa, palipopiganwa vita vikali Oktoba 1917, mlio mpana na mzito wa chuma usiuchimbe, huenda ni bomu ambalo halijalipuka. Ondoka, toa taarifa polisi.

Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hakuna seti inayofaa, kwa sababu detekta haipaswi kupelekwa huko kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvifukua bila kibali ni kosa. Inaniuma nikifikiria sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa ikichomolewa usiku. Mahali ilipolala, kina chake na vigae vilivyokaa nayo ndivyo vingetueleza nani aliitumia na lini.

Kwingine unakoruhusiwa, jaribu seti yako palepale kabla ya kuanza kazi. Funga uzi kwenye chubwi ndogo ya mshipi iliyotengenezwa kwa risasi, maana metali hiyo hujibu kwa namna inayokaribiana na dhahabu, uifukie kina cha kidole kwenye udongo wa hapo hapo. Pitisha koili taratibu. Usipoisikia, shusha usikivu, sawazisha tena, badilisha masafa, mpaka isikike ukienda na ukirudi. Ndipo uvute uzi uanze kutembea.